Bastola Haivuki Mpaka

Mzee aliitaka bunduki, lakini aliishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani.

Verna Haldorsen alimtazama mikono. Ukutani ilikuwa imebaki misumari mitupu na bunduki hiyo moja. Kwenye kabati la kioo ilibaki bastola moja. Nje, bango la kutangaza kwamba duka linafungwa moja kwa moja lilipigwa na upepo wa Wyoming, likishikilia upande mmoja tu.

"Unawinda nini?"

"Chochote."

"Mwezi wa pili huu?"

Mzee akafikiri. "Koyote, wale mbwa mwitu wadogo," akasema.

Verna akaomba kitambulisho. Orval Tietjen, wa Nebraska. Akamweleza kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama alivyowaeleza wengine tangu enzi za marehemu mumewe, Dwight. Mtu wa jimbo jingine anaweza kununua bunduki ndefu hapa na kuondoka nayo, mradi sheria za hapa na za kwao zimekubali. Bastola haivuki hivyo. Hutumwa kwa muuzaji mwenye leseni huko kwao, na mnunuzi akaichukulie huko.

"Nazitaka zote mbili," Orval alisema.

Verna hakugusa simu ya kumkagua mteja. Dwight alikuwa na desturi yake, na Verna alikuwa ameirithi: mteja asiyejua anachonunua hupewa kahawa kwanza, kisha huulizwa bila kuzungushwa. Kuna waliolia palepale kwenye kiti cha pembeni, wakaenda zao mikono mitupu.

Akammiminia kahawa. Akamsogezea kiti.

"Unataka kujiua, mzee mwenzangu?"

"Hapana, mama."

"Wote husema hapana."

"Wewe ungesemaje?"

Verna alikoroga kikombe ambacho hakukitia sukari. Kisha akakiri kwamba naye angesema hapana.

Akamuuliza kama kuna anayemngoja nyumbani. Orval akasema yupo mkewe, na akisikia amesafiri bila kofia atamuua yeye mwenyewe, bunduki isiwe na kazi. Mdomo wa Verna ulijikunja kidogo, ukarudi mahali pake. Akamkagua tena, macho, ndevu zilizonyolewa vizuri, pete kidoleni. Ndipo akapiga simu serikalini, rekodi yake ikaguliwe. Upande wa pili ukajibu kwamba hana kizuizi.

Orval akalipa bila kuuliza bei.

"Na ile bastola? Itume basi."

"Gari la mizigo linapita Jumatatu. Jumatatu mimi sipo."

"Unakwenda wapi?"

"Pasipo na theluji."

Karibu na mlango palikuwa na bakuli la mbwa, limekauka. Orval akauliza kama mbwa naye anasafiri. Verna akasema amemgawia jirani, mtu mwema, ana uwanja mkubwa.

Orval akajaribu tena. Akaomba walau amwekee, au ampe muuzaji mwingine wa hapo mjini amtumie. Verna akatikisa kichwa. Alisema hajavunja sheria tangu aanze kazi hii, na hataanza leo.

Akamfungia bunduki kwenye mfuko wake. Akaongeza glavu za ngozi za Dwight, na chupa ya chai iliyojaa kahawa.

"Njia ni ndefu. Chukua tu."

"Chupa nitairudisha."

"Usisumbuke."

Akamsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono na kukawia kuuachia. Akamwambia akizidiwa na mawazo asikae peke yake, amtafute mtu, hata asiyemjua. Orval akasema atafanya hivyo.

Garini aliifunika bunduki kwa blanketi. Akawasha injini. Akapiga simu Nebraska, akakosea namba, akaanza upya.

"Tonya," akasema, "mama yako ameniuzia bunduki, kama ulivyoniomba. Bastola nimeshindwa kumwondolea. Imebaki kwake."

Tonya aliuliza kama mbwa yupo.

"Hayupo. Amemgawa, kama ulivyohofia."

Orval akazima injini. Akaichukua chupa ya chai, akarudi. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimeshageuzwa upande wa "Pamefungwa". Akagonga, na hakuacha kugonga.