Ua Darini

Tangu mkono wake wa kulia upooze, Bi Thuwaiba aliacha kudarizi kofia, akawa wa kulala na kutazama dari tu. Mumewe, Fundi Badi, akaona bora ampe kitu cha kutazama. Akachomoa mota mbili za redio kaseti mbovu, akabandika kioo kidogo kwenye ncha ya kila moja, akavielekezea tochi ya leza.

Alasiri hiyo alishusha mapazia, akawasha. Mota zikavuma, vioo vikazunguka, na darini ikatokea nukta moja nyekundu, imetulia kama kichwa cha msumari.

"Miaka arobaini natengeneza saa za watu," alinung'unika, "na vioo vimekaa sawasawa kabisa!"

"Ndilo kosa lenyewe, mume wangu," alisema Bi Thuwaiba kutoka kitandani. "Sindano ikinyooka tu haitoi ua. Vilaze upande kidogo."

Kupinda kitu kwa makusudi! Akapenyeza kijiti cha kiberiti chini ya kila kioo, roho ikimuuma, akawasha tena.

Nukta ikafunguka ikawa duara, duara likajisuka ndani ya duara, mpaka dari nzima ikawa kofia iliyodariziwa.

"Umeona?" aliuliza, akageuka.

Bi Thuwaiba alikuwa ameinua mkono wa kushoto, ule usiowahi kushona, vidole viwili vimebana sindano isiyokuwapo, vikiufuata mstari wa mwanga.