Mistari ya Pamba

Asubuhi Mwalimu wa hesabu alituonyesha ubaoni kwamba mistari iliyonyooka yenye mteremko mmoja haikutani, hata ukiirefusha mpaka stesheni ya Kidete. Mchana akatupeleka shamba la ujamaa kupanda pamba kwa kamba.

Mstari wangu ulipakana na wa Vitalis, mwenzangu darasani. Baba yake, mtu wa reli, alikuwa amehamishiwa Tabora, na kesho yake wangepanda treni.

Nilikuwa nimeshika kigingi cha mwisho wa mstari wangu. Kamba ya katani ilinichoma kiganjani. Mpaka leo nikishika katani, kiganja kinawasha. Nikasogea, nikakichomeka kigingi changu kando ya cha Vitalis.

Mwalimu akaja. "Binti, mstari wako umepinda."

"Haujapinda, Mwalimu. Umenyooka. Mteremko tu ndio tofauti."

Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akaifuata kamba mpaka kwenye kigingi cha Vitalis. Nikangoja aking'oe changu.

"Sahihi," akasema, akipangusa magoti. "Haya, pandeni."

Tukarudi mwanzo wa shamba, tukaanza kupanda, kila mtu kwenye mstari wake, na kwa kila shimo bega lake likazidi kulikaribia langu.