Chungu cha Wote

Walikuwapo wanyama wenye chungu kimoja cha uji na desturi moja: atakayewahi jikoni ndiye akioshe na kubandika maji.

Asubuhi moja Kanga, mwenye bidii, aliwahi. Akaosha, akabandika, akaenda kuokota kuni. Akaja Pimbi, mwenye bidii vilevile, akaona jikoni hamna mtu. "Maji haya ni ya jana," akasema. Akayamwaga, akaosha, akabandika mengine, akaenda kutafuta mwiko. Kicheche naye akaja, akafanya hivyo hivyo. Jua likapanda, watoto wakalia njaa, na maji bado ya baridi.

Wote watatu walipokwisha kurudi, akaingia Komba, mvivu wao, akipiga miayo.

"Jamani, kabla sijajichosha bure," akauliza, "kuna aliyekwisha kubandika?"

"Mimi!" wakajibu wote watatu, kisha wakatazamana.

"Basi mie sikigusi," akasema Komba, akajilaza karibu na moto.

Siku hiyo hakuna mwingine aliyekigusa. Maji yakachemka, watoto wakanywa uji wakashiba.

Tangu hapo, kila mwenye bidii huanza kwa swali la mvivu. Komba mwenyewe hajaosha chungu hicho mpaka leo.