Ofisi Chini ya Kreni

Dada Rula alifuta ofisi ya msimamizi kwenye ramani ya eneo la ujenzi, akaichora upya pale hasa alipofia mdogo wake.

Dereva wa kreni, aliyepita kuchukua ratiba, alichungulia begani kwake akashtuka. "Dada, hapo? Wiki ijayo napandisha nguzo za zege. Zote zinapita juu ya hapo."

"Najua."

"Waya ukikatika je? Umesahau ya mwaka jana?"

Swali gani hilo! Yeye ndiye aliyemlea yule kijana tangu mama yao afariki, na yeye ndiye aliyemtafutia hapa kazi ya kufunga nondo.

"Nenda zako, kaka," alisema. "Kila mtu na kazi yake."

Kazi yake ilikuwa hiyo. Jengo likipanda ghorofa, ramani huchorwa upya: stoo ya saruji isogee, njia ya malori ihame, nondo zipate pa kulala. Mwaka jana, yeye akiwa likizo ya uzazi, msimamizi alijipangia mwenyewe. Kibanda cha mafundi cha kupumzikia akakisukuma chini ya mkono wa kreni, ili gari lake lichukue pale penye kivuli kilipokuwa. Matofali yaliporomoka kutoka kwenye kreni saa ya chakula, mdogo wake akiwa ndani.

Msibani msimamizi alikuja na miwani myeusi, akasema ajali haina kinga. Kwa mpelelezi akaapa hakujua kama kreni inafika kule. Angejuaje, kwani yeye mchoraji? Faili likafungwa. Bwana akarudi kazini anapiga mluzi, na Dada Rula akamchukia mpaka mluzi wake.

Kesho yake asubuhi, mbele ya mafundi wote kikaoni, msimamizi alitandaza ile ramani mezani. Macho yakamtoka.

"Wewe mama, unataka kuniua?"

"Kwa nini tena, bosi?"

"Kreni inapita juu hapa!"

"Kumbe? Mimi nilidhani inaishia getini."

"Utanifundisha kazi? Niliisimamisha mwenyewe! Mkono wake niliupima kwa futi, siku ya kwanza kabisa! Hata mtoto anajua hapa si pa kukaa mtu!"

Mafundi waliinamisha vichwa. Dereva wa kreni akashusha pumzi: bosi kaponea chupuchupu, dada wa watu kaambulia patupu.

"Haya, bosi, yaishe," alisema Dada Rula, akimsogezea kalamu. "Ila utaratibu unaujua. Ukikataa ramani, andika sababu pembeni, kama ulivyosema, uweke na sahihi."

Aliandika kwa hasira, nusura atoboe karatasi. "Chukua takataka yako!"

Akaichukua. Akaikunja vizuri, akaaga, akatoka.

Saa tano, kituoni, yule mpelelezi alikuwa akiisoma kwa sauti, kidole kikifuata mwandiko. "'Nakataa. Kreni inapita hapa. Mkono wake niliupima mwenyewe siku ya kwanza.'" Akavuta droo, akatoa faili la mwaka jana lenye vumbi.

"Na hiyo ofisi," aliuliza, "sasa mnaihamishia wapi?"

"Ipo palepale ilipokuwa, afande," alisema Dada Rula. "Haikuwa na haja ya kuhama."