Mkarafuu wa Bi Kazija

Mmea wa kutambaa wenye maua ya buluu ulishameza nusu ya kisiwa, na sasa ulikuwa umeukaba koo mkarafuu wa mwisho wa Bi Kazija. Akachukua panga, akaingia uwani kwa jirani yake Shaali, penye shina la mmea huo.

"Shemeji, hebu! Harusi ya mwanangu kesho, na mapambo ndiyo hayo maua!" Shaali akapiga kelele.

"Kwani bwana harusi anaoa maua?" Akakata.

"Nitaupanda tena!"

"Panda. Panga langu halina mume, lina nafasi kila siku."

Wanawake waliokuwa hapo uwani wakimenya vitunguu vya harusi wakaangua kicheko.

Kila kipande cha mmea huo kikigusa udongo huota, basi Bi Kazija akauzoa wote begani, akautundika kwenye kamba ya nguo nyumbani kwake ukauke. Jua likawaka. Hata hivyo maua yakabaki yamechanua, naye akavuta kigoda, akaketi kuyatazama.