Ngozi ya Aya

Mazoon alidondosha tone la kingamwili juu ya kipande kidogo cha ngozi, akaegemea ukuta wa maabara na kufumba macho. Tangu mtoto wa dadaake alazwe, hakuwa amelala usingizi wa maana.

Aya alikuwa na miaka miwili. Malengelenge yalimtoka mikononi na mgongoni, yakipasuka yakaacha makovu. Madaktari walishuku maradhi ya kuzaliwa nayo: mwili unakosa protini ya kuishikiza ngozi ya juu kwa ya chini, hata mguso mdogo huichubua. Protini nyingine zote zilishapimwa, zimo. Ilibaki kolajeni. Ikiwamo, kingamwili ingeing'ang'ania na mstari wa kijani ungeonekana kwenye hadubini. Isipokuwamo, kiza.

Simu ililia. Alikuwa mama yake, Bi Mwanamize, kutoka Hail. Ndiye anayeshinda na Aya nyumbani, Nasriya, mama wa mtoto, akiwa kazini Al Khuwair.

"Imesemaje mashine, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Maradhi tu hayo. Nishawambia. Wako watoto huzaliwa na ngozi mbovu."

"Tutajua sasa hivi, inshallah."

"Na huko hospitali, yametoka mapya?"

"Hayajatoka. Anacheka tu na wauguzi."

"Kiyoyozi hicho. Baridi inamfaa."

Mazoon alirudi mezani. Khattab, mwenzake wa kazi, alimpokonya kwa upole kioo chenye kile kipande cha ngozi.

"Kaa, ukhti. Macho yamekuiva. Nitatazama mimi."

Alikaa, midomo ikisoma dua bila sauti. Khattab aliinamia hadubini, akazungusha kirungu chake polepole, mara akaruka.

"Alhamdulillah! Kijani kitupu! Kolajeni imo tele. Mtoto mzima, Mazoon, hana maradhi!"

Chumba cha pili mtu alipiga makofi. Mazoon alijikokota akatazama mwenyewe. Mstari ulikuwa umenyooka, unang'aa, hauna hata pengo. Akaketi sakafuni, akalia.

"Lia, lia tu," Khattab alisema huku akicheka. "Machozi ya furaha hayo. Nimpigie mamaake Aya aje amchukue, amrudishe nyumbani?"

"Asimrudishe," alisema Mazoon. "Ngozi hii haina kasoro, Khattab. Kuna mtu anamuunguza."