Hodi ya Breki

Fundi Machano alikuwa akilegeza boliti ya diski ya breki ya mbele ya pikipiki Siwema alipomshika mkono.

"Hiyo diski mpya nayo italia?"

"Ilie ina msiba? Hii kuukuu ndiyo inayolia, shemeji, imelika mpaka imekuwa wembe. Itakuua."

Siwema alijua. Lakini marehemu mumewe hakuwahi kupiga hodi. Alikuwa akibana breki mlangoni, diski ikalia, naye Siwema huko jikoni akaitikia, "Karibu!"

"Basi tuibadilishe kesho, fundi."

Machano alimtazama, kisha akaikaza tena ile boliti. "Kesho, shemeji. Ila leo usiipande."

Siwema aliikokota pikipiki hadi nyumbani. Mlangoni akabana breki. Diski ikalia. Akasimama palepale nje, mkono ungali kwenye breki, akisubiri kuitikiwa.